Ng'ombe Wanane wa Mheshimiwa Erinma

"Nani alikutuma utaje maji?"

Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi ya Mheshimiwa Erinma Nwaogu asubuhi iliyofuata mazishi ya mama yake, kabla hata hajanawa uso. Aliyekuwa akiulizwa ni Osuji, mtangazaji wa misiba. Katika vijiji vyetu vyote hajafukiwa mtu wa maana bila sauti yake. Alikuwa ameketi juu ya spika lake anakunja nyaya, macho mekundu kwa tembo la jana.

"Mheshimiwa, mimi nilitaja zawadi. Ndiyo kazi yangu."

"Ng'ombe, taja. Jina la mtu, taja. Mambo ya maji yaliingiaje?"

"Vijana wa Chifu Ubani walinipa maneno nikayasema. Au ulitaka ng'ombe wanane wapite kimya kama paka?"

Erinma akamwambia ana mdomo usio na mlango. Osuji akajibu kwamba mdomo wenye mlango haumpatii mtu mshahara. Sisi wanawake tuliokuwa tunasugua masufuria pale nyuma tukazidi kusugua, hata yale yaliyokwisha takata.

Maneno yenyewe kila mtu alikuwa ameyasikia. Osuji aliyatangaza jana yake mchana, chini ya turubai, watu wamejaa hadi barabarani na simu zimeinuliwa juu kama mikono ya waumini: "Chifu Ubani, mjenzi wa mradi wa maji wa Amaudara, anamwambia Mheshimiwa wetu: kwa uliyonitendea na kwa utakayonitendea, pokea mkono wangu." Nyuma yake ng'ombe wanane wakaingia uwanjani wakiwa wamefungwa vitambaa vyekundu pembeni mwa shingo.

Huyu Chifu Ubani alikuwa mkandarasi. Na Erinma alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji katika Bunge la jimbo, yeye ndiye wa kukagua mradi na kuweka sahihi kwamba maji yanatoka. Sasa mnaelewa kwa nini hakunawa uso.

Niseme kwanza alitoka wapi, maana watu wa siku hizi wanadhani alizaliwa ndani ya gari lenye kiyoyozi. Erinma alikuwa muuza mawese. Aliolewa katika ukoo nilioolewa mimi, yeye kwa Mwalimu Nwaogu na mimi kwa fundi baiskeli, na kwetu wake wote wa ukoo mmoja huitana mke mwenza, waume wawe wangapi. Tulikamua mawese pamoja, tukabeba madebe kichwani siku za soko la Orie, mafuta yakitutiririka shingoni. Alikuwa na sauti. Walipotaka kupandisha ushuru wa wauza mafuta, ni yeye aliyepanda juu ya meza ya mkusanya ushuru akakataa kushuka. Chama kilipohitaji mwanamke wa kusimama kwenye uchaguzi ili kisitukanwe, kilikumbuka meza ile.

Muhula wa kwanza alifanya kazi. Alituwekea daraja la zege pale kijito kilipokuwa kinakula watoto wa shule. Alitugawia mashine za kusaga muhogo, na yangu inasaga mpaka leo. Akija nyumbani alivua viatu akaingia jikoni kwangu kuonja supu moja kwa moja kutoka kwenye mwiko. Ndiyo maana mama yake alipofariki tulikwenda sote, wake wote wa ukoo, hadi kijijini kwao alikozaliwa, kila mmoja na chake. Mimi nilibeba jogoo mwekundu. Osuji akamtangaza pia, ingawa kwa haraka, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanangoja.

Kwetu mtu akikuletea kitu msibani hajakupa, amekukopesha. Siku msiba utakapokuwa wake utabeba kitu kile kile, ukubwa ule ule, na mtangazaji ataita jina lako mbele za watu aseme kimerudi. Kisipoitwa hakijarudi. Na hakirudi kabla ya wakati wake: ukimpelekea mtu ng'ombe wa msiba ilhali kwake hakuna maiti, umemtakia maiti. Kumfukuza mtu na zawadi yake msibani nako ni kumtukana marehemu. Ubani aliyajua hayo yote. Ni mtu wa kwetu.

Kusema kweli Erinma alipowaona wale ng'ombe alitabasamu kabla hajafikiri. Niliona. Kaka zake, wanaume wenye majumba, walikuwa wamepata wawili tu kwa jumla, na yeye binti aliyeolewa mbali alikuwa amewajazia uwanja. Akacheza. Ni Osuji aliposema habari ya maji ndipo mguu wake mmoja ulipobaki hewani.

Ng'ombe walichinjwa. Ukoo wa baba yake ulikula, wetu ukala, wapita njia wakala, na mimi nilifungiwa mguu kwenye majani ya mgomba nikaenda nao nyumbani. Nalisema hili kwa sababu baadaye kila mdomo uliosema "mwizi" ulikuwa na uzi wa nyama ile katikati ya meno.

Siku chache baadaye alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda cha jikoni bila kuonja kitu. Nikajua.

"Nimeweka sahihi," akasema.

Nikamuuliza kama alifungua bomba. Akasema alikwenda na kamati nzima, wakafungua, na maji yakatoka kwa nguvu hadi yakamlowesha karani viatu.

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Niliona alama za matairi ya lori chini ya tangi, mke mwenzangu. Bado mbichi. Walileta maji kwa lori wakayapandisha, sisi tukaja tukayashangilia."

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini? Ng'ombe wa mtu wako tumboni mwa ukoo mzima."

Wiki haikuisha tangi likakauka. Limesimama hadi leo kwenye miguu yake minne, watoto wanalipiga mawe ili lilie.

Kuanzia hapo Erinma hakuwa mtu wa kukaa. Akisikia gari linapunguza mwendo barabarani anasimama. Simu ikilia ananipa mimi niipokee, niseme Mheshimiwa yuko kikaoni, wakati yuko palepale anachambua majani ya supu. Nilimshauri aende mwenyewe akaseme, kabla hajasemewa. Akatikisa kichwa. Alikuwa na hesabu yake nyingine, na nilipoisikia nilidhani anatania.

Hesabu ilikuwa hivi. Wale ng'ombe wakirudi kwa Ubani mbele za watu, kwenye msiba, kwa spika, itakuwa desturi. Deni limekuja, deni limekwenda, nani atasema rushwa? Alichohitaji ni msiba kwa Ubani. Baba yake Ubani alikwisha kufa zamani. Aliyebaki ni mama yake, Bibi Nwaugo, mwenye umri wa kukaribia miaka tisini.

Basi akaanza kwenda kumjulia hali. Mara ya kwanza alikwenda peke yake, kisha akaona haya akanichukua na mimi, nibebe samaki wa kukaushwa na viazi vikuu laini vya mtu asiye na meno. Tukamkuta bibi uani, ameketi chini, anapasua kokwa za mchikichi kwa jiwe. Kila akipiga, kokwa moja. Hakukosea hata mara moja.

Erinma akauliza habari za kifua. Akauliza magoti. Akauliza kama usingizi unapatikana. Bibi akaweka jiwe chini.

"Mwanangu, hata daktari hajawahi kuniuliza hivyo. Una haja gani na magoti yangu?"

"Nakupenda tu, mama."

"Hm. Na juzi ulimuuliza mpishi kama nakula nikamaliza." Akamtazama kwa macho ya kuku anayeona punje. "Mwanangu Ubani amekukopesha nini?"

Erinma akainama kufungua kifurushi cha samaki.

"Basi pole yako. Mama yangu alikufa akiwa hana jino hata moja. Mimi bado nasaga mifupa." Akachukua samaki wetu, akamnusa, akasema mara nyingine tulete mwenye mafuta zaidi.

Njiani Erinma alitembea mbele mpaka tukafika kwenye daraja lake la zege. Hapo akashika ukingo. "Nilimtazama kisogo," akasema, "nikajisikia nikisema, Mungu, leo. Mama wa watu, mke mwenzangu. Nimefika huko." Nilimsukuma kidogo begani tukaendelea.

Bibi Nwaugo alizidi kunenepa kwa samaki wetu. Uchaguzi ukakaribia. Ndani ya chama chake kulikuwa na mtu aliyekitaka kiti kile, na huyo hakuhitaji mchawi wala mpelelezi, alihitaji simu tu. Video ya msibani ikaanza kutembea. Mtu aliyeitengeneza alikuwa fundi: unamwona Erinma anacheza, unamsikia Osuji na "utakayonitendea", kisha mara wanawake wa Amaudara na ndoo zao mbele ya bomba kavu, kisha Erinma tena anacheza. Sokoni waliicheza kwa sauti ya juu kila alipopita. Watoto wakajifunza kuwika: kwa uliyonitendea, kwa utakayonitendea.

Watu wa tume ya kupambana na rushwa walikuja mchana, wapole, wakavua kofia. Wakamwomba waende naye mjini kwa maswali machache. Aliniomba nimzimie jiko. Alirudi baada ya siku mbili amepungua uso, na dereva wake alikuwa ameacha kazi. Wenzake bungeni, wale waliokuwa wakipiga simu hata akiwa chooni, sasa simu zao zilikuwa hazipatikani. Ni Mwalimu Nwaogu peke yake aliyebaki vilevile. Aliendelea kupalilia viazi vyake vikuu, na jioni akimpisha mkewe kwenye kiti kizuri bila neno. Nilitamani amgombeze tu. Lile la kunyamaza lilikuwa linamla Erinma zaidi.

Kesi ilipoanza tulikwenda wake wanane wa ukoo, tumevaa sare, tukajibana kwenye benchi la nyuma. Wakili wake alikuwa kijana mwenye maneno marefu. Alisema mteja wake hakupokea rushwa, alipokea zawadi ya msiba kwa mujibu wa mila, na mila hiyo humlazimu kuirudisha, na kitu cha kurudishwa hakiwezi kuwa rushwa. Hata jaji aliitikia kwa kichwa kidogo kama mtu anayefikiria. Nikaona mgongo wa Erinma unanyooka. Nikamfinya mwenzangu paja, nikasema huenda tukapona.

Mwendesha mashtaka alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, mzaliwa wa upande wetu. Alisimama taratibu.

"Mama Nwaogu, nami mila hii naijua. Nimebeba mbuzi wengi. Baba yake Chifu Ubani alipozikwa, ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Ulikuwa unafanya kazi gani wakati ule?"

"Nilikuwa nauza mawese."

"Ulibeba nini?"

Akatazama wakili wake, wakili akatazama karatasi.

"Debe moja la mawese."

"Na debe moja la mawese, kwa mila yetu, likirudi hurudi nini?"

Ukumbi wote ulijua jibu. Hata askari wa mlangoni alijua, alikuwa wa kwetu.

"Debe moja," Erinma akasema.

"Basi ng'ombe wanane walikuwa wa nini?"

Mtu uliyempa debe akikurudishia ng'ombe wanane, hajalipa wala hajakopesha. Amenunua. Hata mtoto anayetumwa chumvi anaujua ukubwa wa chenji. Sote tulilijua hilo tangu uwanjani, tulipokuwa tunatafuna, na yeye alilijua kabla yetu. Mgongo wake ukarudi ulivyokuwa.

Siku ya hukumu alipoteza kiti pale pale aliposimama. Miaka kumi asigombee wala asiteuliwe, na faini kubwa, au jela. Aliuza nyumba ya mjini, akauza gari, Mwalimu akauza shamba la michikichi la babake, na hilo nadhani ndilo lililomuuma Erinma kuliko ambavyo jela ingemuuma. Na Ubani? Kampuni yake ilibadili jina. Nasikia inajenga barabara huko kaskazini mwa jimbo. Bibi Nwaugo naye bado anapasua kokwa.

Erinma akarudi kwenye madebe. Si mstari wa mbele, huko kulikuwa kumejaa, bali kule nyuma karibu na wauza majivu ya kupikia sabuni. Watu walipita kumtania tu. "Mheshimiwa, mawese yako hayana maji?" "Maji ayatoe wapi huyu, hata bomba lilimshinda." Yeye ambaye zamani angepanda juu ya meza, alipima mafuta akafunga kifuniko.

Lakini utani wa soko huzoeleka. Kilichokuwa kikimnyima usingizi ni kingine. Wale wote tuliobeba chochote kwenye msiba wa mama yake, tulikuwa tunamdai. Misiba ikaja, kama ijavyo. Akabeba alichopaswa: kuku, mkungu wa ndizi, kreti la soda. Na kila mahali walimpokelea mlango wa jikoni. Ahsante mama, weka hapo, tumeona. Hawakumfukuza, ila hakuna aliyetaka jina lake lipite kwenye spika lao, watu wacheke mbele ya jeneza. Na kisichoitwa hakijarudi. Kwa hiyo alilipa na akabaki anadaiwa. Aliniambia siku moja, akifunga debe, "Nikifa sasa hivi mke mwenzangu, nakufa na kuku wa watu shingoni." Alisema kama mtu anayetaja bei.

Mama yangu alifariki mwanzoni mwa kiangazi, baada ya kuugua kwa muda. Mpangaji wa mazishi alikuwa kaka yangu Iheanyi, mzee wa kanisa, anayeketi benchi la mbele na kukohoa ili ajulikane yupo. Tulipogawana kazi akaniuliza wake wa ukoo wangu watakuja wangapi. Nikamwambia wote.

"Na yule?"

"Yule ni mmoja wao."

"Aje akae. Lakini jina lake lisisikike kwenye spika la mama yangu. Alichobeba kipelekwe jikoni."

"Jogoo wangu aliliwa kwake hadharani, Iheanyi. Unataka nife nikimdai?"

"Jogoo ni jogoo. Nitakununulia watano."

Nikamwambia asinunue. Tukaishia hapo, yaani hatukuishia popote. Nilimpelekea Erinma kitambaa cha sare kama wengine, akakipokea kwa mikono miwili bila kuniuliza kitu. Usiku huo na uliofuata sikulala vizuri. Mama yangu yuko chumba cha maiti na mimi nawaza jogoo.

Siku yenyewe wake wa ukoo walifika kwa gari moja, wakiimba. Erinma hakuwemo. Walitangazwa mmoja mmoja, nikapokea, nikashukuru, jicho liko barabarani. Iheanyi alikuwa amesimama karibu na Osuji, mikono nyuma, kama polisi wa lango. Nilikwisha amini kwamba hatakuja, na aibu yangu ni kwamba kidogo nilipumua.

Ndipo pikipiki ikasimama. Akashuka kwa ubavu, amevaa sare yetu, jogoo kwapani, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Hakwenda jikoni. Alipita katikati ya viti, watu wakimgeukia safu kwa safu, na minong'ono ikimfuata nyuma, hadi akasimama mbele ya Osuji.

Osuji akaziba kipaza sauti kwa kiganja. Hakuwa amesahau asubuhi ile ya kukunja nyaya.

"Leo nisemeje, Mheshimiwa?"

"Kama ilivyo. Usiongeze."

Iheanyi akamwekea Osuji mkono begani. Osuji akanitazama mimi. Msiba ulikuwa wangu pia, na jogoo wangu peke yangu.

"Taja," nikasema.

Akasafisha koo. "Jogoo mmoja. Kutoka kwa Erinma Nwaogu, muuza mawese. Anarudisha jogoo." Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue Osuji akaishia hapo.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwingine akasema jambo kuhusu maji, wenzake wakamnyamazisha, au labda hawakumnyamazisha, ni spika lililokoroma. Iheanyi alikohoa akaenda kuangalia jenereta. Mimi nilisimama nikampokea yule jogoo. Hakuwa mwekundu, alikuwa wa madoa. Nikampima mkononi, kama tulivyofunzwa, na Erinma akanitazama mkono badala ya uso. Jogoo wake alikuwa mwepesi kidogo kuliko wangu.

"Yuko sawa," nikasema, nikampeleka jikoni.